Rudisheni kikombe cha dada yenu kabatini

Swali: Shikamoo Daktari. Naandika kutoka Ujiji. Dada yangu ana miaka 29, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana mtoto wa miezi minane anayenyonya. Mwaka juzi jicho lake la kushoto liliuma likapoteza mwanga kwa wiki mbili, kisha likarudi. Mwaka huu miguu imekufa ganzi kuanzia kiunoni. Mwanza alipigwa picha ya MRI, wakasema ni multipo sklerosisi (MS), ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Shemeji akasoma kwenye simu kwamba ugonjwa huo unaletwa na kirusi kinachokaa kwenye mate. Tangu siku hiyo dada ana kikombe chake, sahani yake na kijiko chake, na wanataka mtoto aachishwe ziwa. Mama anasema katupiwa. Je, ni kweli ni kirusi? Anaweza kutuambukiza?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na dada mpe pole yangu.

Alichosoma shemeji yako si uzushi. Kirusi kipo, kina jina, na ushahidi unaokihusisha na ugonjwa wa dada yako ni mzito kuliko wa kitu kingine chochote kilichowahi kutuhumiwa. Ila kirusi hicho kimo pia kwenye mate ya shemeji. Kimo mwa mama, kimo mwako, na kimo mwangu mimi ninayekuandikia kutoka Tabora. Duniani, zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi wanacho. Huku kwetu ni karibu kila mtu. Kikombe mlichomtengea dada hakimkingi yeyote, maana kila mtu mzima anayeketi naye mkekani kula alikwisha kukipata kirusi hicho zamani, wengi wenu kabla hamjajua kusema vizuri. Kama unasoma haya ukiwa nyumbani, nenda kwanza ukakirudishe kikombe pamoja na vingine, kisha uje tuendelee. Maelezo yatakuwa marefu kidogo, kwa sababu neno "kirusi" likitupwa hivihivi linavunja nyumba.

Nimeliona likivunja. Miaka ya nyuma, nikiwa kituo kingine, nilimwambia mume wa mgonjwa wangu, tumesimama kwenye korido, kwamba wataalamu wanashuku virusi. Foleni ilikuwa ndefu, sikumalizia. Kliniki iliyofuata yule mama alikuja peke yake, anatembea ameshika ukuta. Mume alikuwa amehamia kwa kaka yake na watoto. Tangu hapo sijalisema neno hilo kwa familia yoyote nikiwa nimesimama.

Kirusi chenyewe kinaitwa Epstein-Barr, na habari zake zilianzia kwa majirani zetu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa saratani kwenye mataya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari mashariki na kusini mwa Afrika, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni nani amewaona watoto wa namna hiyo. Vipande vya uvimbe vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London kwa Anthony Epstein, aliyeshuku kuna kirusi ndani yake. Alitafuta kwa hadubini ya elektroni muda mrefu, akakosa. Desemba 1963 ukungu ulizuia ndege kutua London, ikatua Manchester, na kipande kilipomfikia kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angeyamwaga akijua bakteria wameshaingia. Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini akakuta seli za uvimbe zinaelea, ziko hai. Kutokana na seli hizo, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi, wakatangaza mwaka 1964. Kilichoanza kusakwa katika miili ya watoto wa Afrika Mashariki ndicho leo kinachoufumbua ugonjwa ambao vitabu vyangu vya chuo viliuita wa Wazungu. Kila nikilikumbuka jambo hili nasikia wajibu wa kulieleza vizuri kwa watu wa huku.

Ni cha ukoo mmoja na kirusi cha tetekuwanga, na tabia ni ileile: kikishaingia hakitoki. Kinajificha ndani ya seli nyeupe za damu ziitwazo seli B na kukaa humo maisha yote, mara mojamoja kikitoka kwenye mate bila mwenyewe kusikia chochote. Sasa fikiria chakula cha jioni kwenu. Bibi amempakata mjukuu, mbele yao kuna mgebuka wa mawese. Kipande kinaingia kwanza mdomoni mwa bibi, anaondoa miiba kwa ulimi, anakilainisha, halafu anakitia kinywani mwa mtoto. Hapo kirusi kimeshavuka. Mtoto atapata homa ndogo ambayo hakuna atakayeikumbuka, au asipate kitu. Watoto wengi wa Afrika wamekwisha kukipata kabla ya kufika umri wa miaka mitatu au minne.

Ulaya na Marekani watoto wengi hawakipati mapema hivyo. Wanakutana nacho wakiwa vijana wa sekondari na chuo, na mwili wa kijana hukipokea kwa vita kubwa: homa ya wiki kadhaa, koo linauma, tezi za shingo zinavimba, uchovu usiokwisha. Huitwa homa ya tezi. Waliowahi kuugua homa hiyo wana uwezekano wa kupata MS unaokaribia mara mbili wa wengine, au zaidi. Naamini hii ni sehemu ya sababu ya MS kuwa chache huku kwetu. Nasema sehemu, maana jua letu, urithi wetu wa jeni na uhaba wa mashine za MRI navyo vimo kwenye hesabu. Ugonjwa usio na mashine ya kuuonyesha huandikwa kwa jina lingine.

Ushahidi uliomfikia shemeji kwenye simu, bila shaka, ni ule wa Marekani. Jeshi la kule hupima askari VVU wanapojiunga, na tena kila baada ya miaka miwili hivi. Damu inayobaki huhifadhiwa kwenye majokofu. Kwa miaka 20 ikakusanyika akiba iliyowagusa askari zaidi ya milioni 10. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Kjetil Bjornevik na Alberto Ascherio, walitafuta humo askari waliokuja kuugua MS, wakapata 801 wenye damu ya kutosha, kisha wakarudi nyuma kuipima damu waliyotoa wakiwa wazima. Matokeo yalitoka Januari 2022. Katika damu ya kwanza, 35 kati yao walikuwa hawajawahi kukutana na Epstein-Barr. Ugonjwa ulipoanza, 34 kati ya hao 35 walikuwa wameshakipata. Akabaki mtu mmoja kati ya 801. Kukipata kirusi hicho ukubwani kulipandisha uwezekano wa MS mara 32. Wakapima na kirusi kingine kinachopita kwenye mate vilevile, saitomegalo. Hicho hakikupandisha kitu.

Watu wengi huishia kwenye hiyo 32. Mimi kilichonishawishi zaidi ni kipimo cha pili. Neva zikiumia humwaga protini fulani kwenye damu, hata kabla mgonjwa hajasikia dalili. Kwa askari wale protini hiyo ilipanda baada ya kirusi kuingia, haikupanda kabla. Kirusi kilitangulia, neva zikaumia kimyakimya, dalili zikaja miaka kadhaa baadaye. Kama ugonjwa ndio ungekuwa unamfungulia kirusi mlango, mpangilio ungekuwa kinyume.

Kinaumizaje? Hapa mimi na wewe tuna mfano wetu, kwani sote tumeishi na sungusungu. Duka limevunjwa, wanaambiwa mwizi kavaa shati la mistari. Usiku wanamkamata kila mwenye shati la mistari, na mmoja wao ni fundi umeme aliyekuwa anarudi kutoka kazini. Wanampiga. Kesho yake umeme unakatikakatika mtaa mzima. Kinga ya mwili ndio sungusungu, kirusi ndiye mwizi. Mwaka huohuo wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha shati lenyewe: kipande cha protini moja ya kirusi kinafanana na kipande cha protini iliyomo kwenye seli za ubongo wetu, na baadhi ya wagonjwa wa MS wana kingamwili, yaani silaha za hao sungusungu, zinazoshika vyote viwili. Seli hizo zinahusika na kutunza mayelini, lile ganda la mafuta linaloviringishwa kwenye neva kama plastiki ya waya wa sola. Ganda likichunika kwenye neva ya jicho, mwanga unapotea. Likichunika kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi. Mwili ukilikarabati, dalili zinapungua au zinaondoka, kama jicho la dada lilivyorudi.

Sasa lile swali ambalo ndilo zito: kama sote tunacho, mbona yeye? Kwa hesabu ya mwaka 2020 wagonjwa wa MS walikuwa takribani milioni 2.8 dunia nzima. Wanaobeba kirusi ni mabilioni. Kirusi kinaonekana kuwa mlango ambao karibu kila mgonjwa amepitia, lakini walio wengi mno wanaupita na hawapati chochote. Lazima mengine yakutane nacho: aina fulani za jeni za kinga, hasa moja iliyo nyingi Ulaya ya kaskazini, upungufu wa vitamini D, sigara, unene wa ujanani, na kuwa mwanamke, kwani wanawake wanaougua ni angalau mara mbili ya wanaume. Angalia mapacha wa kufanana, waliotoka yai moja, wakalala kitanda kimoja, wakanywa kikombe kimoja. Mmoja akiugua MS, mwenzake huugua katika takribani jozi moja kati ya nne tu. Hakuna kikombe duniani kinachoshirikiwa kuliko cha mapacha.

MS yenyewe haiambukizi. Si kwa mate, si kwa tendo la ndoa, si kwa jasho, si kwa maziwa. Mtoto aendelee kunyonya, na chanjo zake apate kwa tarehe zake. Ni kweli mtoto wa mama mwenye MS ana uwezekano uliopanda kidogo kwa sababu ya urithi, lakini hata katika nchi zenye MS nyingi ni asilimia mbili au tatu hivi, na ziwa haliongezi. Dada akianzishiwa dawa, aseme mapema kwamba ananyonyesha, kwa sababu zipo zisizofaa kwa anayenyonyesha.

Nimekujibu kana kwamba jina la ugonjwa lina uhakika. Niruhusu nilitilie swali, kwa heshima kabisa kwa wenzangu waliomwona. Jicho na uti wa mgongo vikiumia kwa zamu kwa Mwafrika, upo ugonjwa wa kufanana nao ambao ni lazima uondolewe kwanza: nyuromailaitisi optika, NMO. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa aina ya MS, hadi mwaka 2004 ilipopatikana kingamwili yake. Tofauti si ya majina tu. Baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, huuzidisha NMO. Uliza mambo matatu. Je, alama kwenye uti wa mgongo ni fupi, au imepita pingili tatu na zaidi? Ndefu hivyo inanukia NMO. Je, amepimwa damu kwa kingamwili ya akwaporini 4, ambayo ndiyo hiyo ya NMO? Na je, aliwahi kupata kwikwi au kutapika kwa siku nyingi mfululizo bila sababu, hata mwaka juzi? Hilo la kwikwi familia hulisahau, au hudhani ni tumbo, wala haliandikwi kwenye faili mpaka mtu aulize.

Kwenu ziwani lipo na la kichocho. Mayai ya mdudu yakipotea njia yakaingia uti wa mgongo, miguu huisha nguvu ndani ya siku au wiki chache, na mkojo unagoma. Ni ugonjwa wa vijana wanaooga na kufua majini, na ukiwahiwa unatibika. Jicho haliumi katika huo, kwa hiyo sidhani ndio, lakini kwa mtu wa Ujiji ningeupima bila kusita. Ukimwi, kaswende, kifua kikuu cha mgongo na upungufu wa vitamini B12 huangaliwa kwa vipimo vya kawaida.

Kimoja zaidi, kwa sababu umeuliza kuhusu virusi na maziwa. Kipo kirusi kiitwacho HTLV-1 ambacho kweli hukakamaza miguu polepole, miaka nenda miaka rudi, na hicho kweli hupita kwa maziwa, damu na tendo la ndoa. Habari za mtandaoni huvichanganya viwili hivi. Ugonjwa wa dada umekuja kwa vishindo na kurudi nyuma, mwendo ambao si wa HTLV-1.

Tuje kwenye maisha ya kila siku, ambako virusi na bakteria wana mchango mwingine kabisa. Mafua makali yanaweza kuamsha shambulio jipya. Homa yoyote, malaria au UTI, inaweza kurudisha dalili za zamani kwa muda: ganda lililochunika halipitishi umeme vizuri joto likipanda. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika hilo mwaka 1890 alipoona wagonjwa wanafifia macho wakifanya kazi ngumu. Dada akiamka siku moja miguu ni mizito kuliko jana, apimwe malaria na mkojo kabla hajachomwa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Homa ikitibiwa na miguu ikarudi kama ilivyokuwa, hilo halikuwa shambulio jipya. Maji ya moto ya kuoga ayapunguze, na mchana wa Septemba asitembee juani kutoka shule bila mwavuli.

Kuhusu dawa: asinunue dawa za kuua virusi dukani. Asayklova haikifikii kirusi kilichojificha ndani ya seli, na chanjo zinazojaribiwa hakuna iliyoidhinishwa bado. Tunachokituliza ni sungusungu. Shambulio jipya hutulizwa kwa steroidi za kudungwa kwa siku chache. Kuzuia mashambulio kuna dawa zake, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hiyo rituksimabu hospitali kubwa zetu zinaifahamu kwa sababu hutumika kwa saratani za tezi. Inaondoa seli B, zilezile ambazo kirusi hufanya nyumba, na husaidia pia kwenye NMO, kwa hiyo kwa mgonjwa kama dada ndiyo ningeiulizia kwanza. Kabla ya sindano ya kwanza apimwe homa ya ini B na kifua kikuu. Ini B lililolala linaweza kuamka kwa dawa hii na kuua. Usikubali kipimo hicho kirukwe kwa kuwa vitendanishi vimeisha.

Mama msimgombeze. Akisema katupiwa, anauliza kwa nini huyu na si jirani, na ndilo swali ambalo watafiti wenyewe wanaliulizia kwa mapacha na kwa jeni. Mweleze kwa Kiha, taratibu, ukianza na bibi na mgebuka, kwa sababu hapo ataelewa kwamba hakuna aliyemletea mwanawe kitu kutoka nje. Akitaka kumwombea dada, amwombee. Akitaka kumpeleka kwa mganga, ombi langu ni moja tu: asichanjwe chale, wala asinyweshwe dawa ya kuharisha wakati yuko kwenye steroidi.

Kliniki ijayo mwende na shemeji, aketi, asikie mwenyewe. Mwandike kwenye karatasi tarehe ya jicho, tarehe ya miguu, na ya kwikwi kama ilikuwepo. Na ile sahani (CD) ya picha za MRI, si karatasi ya majibu peke yake, ifungeni kwenye kitambaa muiweke kwenye mkoba wa mkononi. Ikisahaulika Ujiji, daktari wa Mwanza hataweza kuhesabu pingili.